Mwanamke Halishwi Siku Arubaini Tu



Kama kuna jambo watu wa visiwani tunalijua, ni kumlisha mzazi. Mwanamke akirudi nyumbani na kichanga chake hukuta kuku wa kienyeji keshachinjwa, uji wa pilipili manga uko motoni, na mama au shangazi amesimama mlangoni kuhakikisha bakuli linarudi tupu. Siku arubaini hafui, hainami, na hakuna anayethubutu kumwambia amekula sana. Ni mila nzuri, tunaipenda, na wallahi hatutaki ife.

Suali letu ni moja tu: siku ya 41 kunatokea nini?

Siku ya 41 kuku anarudi kuwa wa wageni. Mnofu wa samaki unarudi kwenye sahani ya baba, watoto wanafuata, na mama wa nyumba anakaa jikoni na mchuzi na ukoko. Miaka inapita, anakuwa bibi, meno yanapungua, na hapo tunampelekea chai na boflo asubuhi, chai na andazi jioni, tukiamini tumemtunza.

Msimamo wetu leo ni huu. Kwetu mwanamke hulishwa vizuri pale mwili wake unapokuwa na kazi ya mtu mwengine: biharusi kwa ajili ya harusi, mja mzito kwa ajili ya mtoto, mzazi kwa ajili ya maziwa. Kazi hizo zikimalizika, sahani yake inasahauliwa. Mwili hausahau. Unaweka hesabu, na hesabu yenyewe inaletwa uzeeni, siku mama anapoteleza chooni, nyonga inavunjika na hasimami tena kama alivyokuwa.

Biharusi, mwili si wa usiku mmoja

Tuanze na nyinyi mabiharusi, kwa sababu uzee wa mwanamke unajengwa katika umri wenu. Mifupa hufikia ukomo wa ujazo wake mtu anapokaribia miaka 30. Kilichowekwa mpaka hapo ndiyo akiba. Baada ya hapo kazi ni kuilinda, na hedhi ikishakoma mifupa hupungua kwa kasi, khasa miaka ya mwanzo. Kwa hiyo msichana wa miaka 22 anayeshinda na soda na chipsi ili gauni limkae, anachota kwenye akiba ya bibi wa miaka 70, na bibi huyo ni yeye mwenyewe.

Tunaona mambo mawili yanafanywa kabla ya harusi. Wako wanaojinyima kula wiki nzima, wanakunywa chai za kupunguza tumbo zinazowaendesha, mpaka siku ya kutolewa nje biharusi anaona kizunguzungu. Na wako wanaotaka kunenepa haraka, wananunua vidonge visivyo na jina la maana. Hapa tuseme wazi: baadhi ya vidonge vinavyouzwa kwa kunenepesha vina dawa za steroidi kama deksamethasoni. Dawa hiyo ina kazi yake hospitali, kwa amri ya daktari. Ukiila mwenyewe kwa ajili ya mashavu, inaweza kupandisha sukari na presha, inaregeza mifupa, na kuiacha ghafla nako kuna hatari yake. Hakuna singo wala udi utakaofunika madhara hayo.

Badala yake tunaomba jambo moja liingizwe katika matayarisho, pamoja na hina na sanduku. Biharusi akapime damu, na aanze vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kabla hajabeba mimba. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wengi wetu hata hatujajua kama tuna mimba. Anayengoja mpaka kadi ya kliniki amechelewa kwa sehemu hiyo. Masomo na makungwi wetu, mnaomfundisha mwari mambo mengi ya ndani, na hili mlitie.

Miaka ya katikati: damu kwanza

Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na Zanzibar hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko Bara. Yaani karibu nusu ya tunaopika, tunaosomesha na tunaofanya biashara, tunafanya hayo na damu isiyotosha. Halafu tunaitana wavivu.

Mwanamke anayepata hedhi anahitaji madini ya chuma kwa wingi kuliko mume wake. Viwango vya Marekani vinasema miligramu 18 kwa siku kwake yeye, na 8 kwa mwanamume. Basi tazameni sahani zetu: nani anapewa nyama na nani anabakiwa na mchuzi? Hatusemi mume anyimwe. Tunasema mnofu ugawanywe, na mpishi asiwe wa mwisho kuhesabiwa.

Kuna na suala la chai. Chai ya mkandaa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mboga. Subirini kama saa moja baada ya kula ndipo mnywe. Na badala ya chai, wekeni kitu chenye uchachu pembeni: ndimu iliyokamuliwa juu ya kunde, chungwa, kipande cha embe au pera. Vitamini C yake inasaidia chuma kile kiingie. Mchicha, matembele na kisamvu tunavyo, ndimu tunazo, hili halihitaji fedha mpya.

Mama akizeeka, tumbo linapungua lakini haja haipungui

Hapa ndipo tunapokosea kwa nia njema. Ni kweli mtu mzima anahitaji chakula kidogo kuliko kijana, kwa sababu mwili wake hautumii nguvu nyingi. Lakini haja yake ya vyakula vya kujenga mwili haipungui hata kidogo, na wataalamu wa lishe ya wazee wanasema inaongezeka. Kijana anatosheka na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu aliyepita miaka 65 wanamshauri apate gramu 1 hadi 1.2. Mama wa kilo 60, basi, anahitaji kama gramu 60 hadi 72 kwa siku.

Sasa tuipime chai na boflo. Vipande viwili vya mkate vina gramu tano au sita hivi. Chai ya mkandaa haina kitu. Mchana akila wali na mchuzi bila ya mnofu, usiku uji mtupu, mama huyo hajafika hata nusu. Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa. Misuli inapungua mwaka hadi mwaka, mapaja yanakonda, kuinuka kitini kunakuwa kazi, na sisi tunasema "uzee huo, tufanyeje?"

Tunaweza kufanya mengi. Yai moja lina gramu sita. Glasi ya maziwa au mtindi ina gramu nane, na juu yake karibu miligramu 300 za kalsiamu, wakati mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama 1,200 kwa siku. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja kina gramu 20 na zaidi. Bakuli la maharage lina kama 15. Dagaa wanaoliwa na miba yao ni kalsiamu tupu. Wale wakavu waroweni na kuwaosha vizuri kwanza, chumvi itoke.

Meno hayapo? Samaki achemshwe na kuvurugwa ndani ya mchuzi wa nazi mwepesi. Choroko zipikwe mpaka ziregee. Dagaa wakavu watwangwe, unga wao utiwe kwenye mchuzi au mboga. Yai livurugwe ndani ya uji au lichemshwe laini. Muhimu zaidi, chakula hicho kigawanywe asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu mwili wa mtu mzima hautumii vizuri kile kilichorundikwa mara moja.

Mambo mawili madogo watu wengi hawayajui. La kwanza ni kiu. Ukubwani kiu inadanganya: mwili umekauka na mtu hasikii haja ya maji. Msimngoje mama aombe, mpelekeeni glasi. Wapo wanaokataa kunywa kwa kuogopa kuamka usiku kwenda chooni. Hao wanyweshwe zaidi mchana, jioni wapunguze. La pili ni vitamini B12, inayopatikana kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, na ambayo tumbo la mzee huichukua kwa shida. Anayetumia metformin kwa kisukari kwa miaka mingi ndiye zaidi. Ganzi za miguu na kusahausahau si kila mara ni uzee. Muulizeni daktari kama anahitaji kipimo.

Tahadhari moja: mwenye maradhi ya figo asiongezewe protini bila ya ushauri wa daktari wake.

Chumvi nyingi, sukari nyingi

Mtu mzima husifiwa kwamba amekula chumvi nyingi. Msemo ni mzuri, ila jikoni tusiutimize. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, nazo ni kijiko kimoja cha chai, kwa kila kitu: wali, mchuzi, achari, nguru wa chumvi, papa mkavu, na vile vidonge vya supu tunavyovitupia kila sufuria. Ndimu, tangawizi, thomu, bizari na pilipili manga tunavyo jikoni. Vitumieni vifanye kazi ya chumvi.

Sukari nayo, shirika hilo linataka tusizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula, na tukiweza tuteremke mpaka 5. Kwa mtu wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama vijiko sita vya chai kwa siku. Mama anayekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, keshafika tisa kabla hajagusa andazi, kashata wala halua. Tusimnyang'anye kikombe chake ghafla, tutamuudhi. Tupunguze nusu kijiko kila wiki chache, na hiliki au mdalasini uzibe pengo.

Jua ni letu pia

Kalsiamu haina kazi bila ya vitamini D, na sehemu kubwa ya vitamini hiyo ngozi yenyewe huitengeneza kwa jua. Tunaishi karibu na Ikweta, lakini jua la barabarani haliifikii ngozi iliyositirika. Stara yetu haina mjadala. Jawabu liko ndani ya kuta zetu: ua. Bibi zetu walikaa uani wakikuna nazi na kusukana, mikono na miguu ikipata jua bila ya wao kujua kwamba ni dawa. Leo wengi tunaishi katika fleti kama zile za Michenzani, au katika nyumba za Mji Mkongwe ambazo jua huliona juu ya paa tu. Basi tutafuteni nafasi hiyo kwa makusudi, paani au roshanini penye pazia, dakika chache mara kadhaa kwa wiki. Na mama asiyetoka kabisa, daktari anaweza kumpa vitamini D ya vidonge.

Mazoezi ni hivyohivyo. Kila Januari 1 vikundi vya mazoezi vya Zanzibar hukusanyika, na inafurahisha kuona wanawake wenye baibui na raba wakitembea pamoja. Siku zilizobaki za mwaka tunarudi kwenye kiti. Kwa waliofika miaka 65, ushauri ni kutembea au kazi nyengine za mwili jumla ya dakika 150 kwa wiki, na siku tatu za mazoezi ya nguvu na kusimama imara. Nyumbani inatosha kukaa na kusimama kitini mara kumi bila ya kushika kitu, asubuhi na jioni. Anayeanza awe karibu na ukuta, na mjukuu awe pembeni yake.

Ramadhani

Futari zetu ni tamu, lakini tazameni sinia: muhogo wa nazi, ndizi, viazi vikuu, majimbi, tambi za sukari. Vyote wanga, ndugu yao mmoja. Mtu mwenye kisukari akifuturu hivyo, sukari yake inaruka. Wekeni samaki, kunde au mayai katikati ya sinia, mboga ya majani pembeni, na vyakula vya wanga viwe wageni wawili, si watano.

Na wazee wetu wagonjwa, khasa wanaochoma insulini, wazungumze na daktari na sheikh wao kabla ya mwezi kuingia. Mungu mwenyewe ameweka rukhsa kwa mgonjwa, na fidia kwa asiyeweza. Kuipokea rukhsa hiyo hakupunguzi imani ya mtu. Watoto tusimtazame mama kwa jicho la huruma akila mchana, wala tusimwache ale kwa kujificha kama mwizi.

Tutaambiwa haya ni maneno ya wenye fedha

Tunajua samaki amepanda bei. Lakini tuulizane kwa upole: soda ya wageni, biskuti za watoto na vidonge vya supu vinanunuliwa kwa fedha gani? Mayai mawili, kopo la dagaa, kibaba cha choroko na nusu lita ya maziwa si karamu. Na tusisahau kuwa Zanzibar ina Pensheni Jamii kwa waliofika miaka 70, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa. Fedha hiyo ni ya mzee. Nyumba ngapi inageuka daftari na peremende za wajukuu, na mwenyewe anaendelea na chai yake? Hapo tuogope haki ya mtu.

Tutaambiwa pia kwamba mama mwenyewe hataki. "Mimi keshi kukesha, kikombe changu kinanitosha." Tunawajua, ndivyo walivyolelewa: kula mwisho, kusema wameshiba. Hawajawahi kuulizwa wanapenda nini. Muulizeni. Halafu kaeni naye. Mtu mzima anayeletewa sahani chumbani peke yake hula matonge mawili akairudisha, na akikaa mkekani na wajukuu hula bila ya kujijua. Wema kwa wazazi tunaousikia katika kila darsa una sura nyingi, na mojawapo ni kukaa pale mpaka amalize.

Tunachokiomba

Hatutaki siku arubaini zifutwe. Tunataka zienee mwaka mzima, kwa kiasi. Kuku si lazima, lakini jicho la yule shangazi aliyesimama mlangoni ni lazima: jicho linaloangalia kama mwanamke huyu amekula kitu cha maana leo.

Basi tufanye hivi. Kwenye nyumba yenye mzee, sahani ya mama ipakuliwe kwanza, ikiwa na mnofu. Kwenye nyumba ya wanandoa wapya, mke akae ale pamoja na mumewe kutoka sinia moja, badala ya kumaliza mabaki jikoni. Na kwenye nyumba ya biharusi, wiki ya hina iwe pia wiki ya supu, mayai, matunda na maji. Wanaume wanaosoma maneno haya kwenye simu za wake zao, nanyi mnakaribishwa: sukumeni mnofu upande wa pili wa sinia, ni sunna ya mapenzi isiyogharimu kitu.

Allah awape mama zetu umri mrefu wenye siha, awarehemu waliotangulia, na atujaalie sisi tuzeeke tukiwa tunasimama kwa miguu yetu. Aamin.